Shamba Lako la Juu na Kiwanda cha Mtoni

Ijumaa, jioni

Nyambura,

Wanachama wa ushirika wamekubali leo kukihamisha kiwanda cha kahawa kutoka mtoni. Uamuzi umetangazwa na mwenyekiti, Mzee Ndiritu, muda mfupi baada ya chakula cha mchana, akiwa amesimama juu ya mzani wa kupimia kahawa kwa sababu watu wa nyuma walikuwa hawamwoni. Halafu akaongeza jambo la pili, na hilo ndilo linalonifanya nikuandikie sasa hivi. Kamati imekagua ardhi yote iliyo kando ya barabara, na mahali panapofaa kuliko pengine pote ni kipande chako.

Nimeandika habari za wilaya hii tangu kabla hujazaliwa. Ni mara chache nimetoka mkutanoni nikaupanda mlima bila kusimama kupumua, kama nilivyofanya leo. Mama yako aliponiona mlangoni alidhani kuna mtu amekufa.

Ningekwambia haya ana kwa ana, lakini uko Skuta, huko mjini, kwa shangazi yako na basi la kukupeleka kufundisha Hola linaondoka alfajiri. Maina anapeleka maziwa mjini kabla ya giza na ameahidi kukupa barua hii mkononi. Mambo ya chandarua, maji ya kuchemsha na viatu vya jua la Hola mama yako amekwisha kuyasema, na nimemsikia akiyasema mara ya pili, kwa hiyo nayaruka. Nina nafasi ya kukueleza jambo moja tu, na nataka ulielewe lote kabla hujalijibu. Jibu ni lako. Kipande hicho kina jina lako tangu siku ile bodi ya ardhi ilipotugongea muhuri, na leo nimesema hivyo mbele ya watu.

Niruhusu nianze mbali kidogo, kama unavyoanza wewe na wanafunzi. Huko Hola watakuuliza kwenu kukoje, na utakapowaeleza utaona ni jambo la ajabu. Hapa kila familia ina ukanda mmoja mrefu unaoanzia barabarani, juu ya mgongo wa kilima, ukateremka hadi majini. Nyumba juu, kahawa katikati, nduma, ambazo huko wataziita magimbi, chini kwenye tope. Kwa hiyo hakuna mtu hapa anayeweza kusema mafuriko ni shida ya watu wa mtoni. Sote ni watu wa mtoni, kila mmoja kwa ncha yake.

Kiwanda kilijengwa chini kwa sababu kahawa inataka maji mengi ya kuimenya na kuiosha, na maji yalikuja yenyewe kwa mfereji bila pampu wala dizeli. Nilikuwa kijana siku zile. Kila familia iliambiwa ilete mawe, na tuliyatoa mtoni humo humo. Hadi leo ukitembea kando ya ukuta na watu wa rika langu, kila mtu atakuonyesha sehemu ya kwao. Ndiyo maana kila mto ulipofurika na kuingia kiwandani tulifanya jambo lile lile: tuliuongeza ukuta. Mstari mmoja wa mawe, halafu mwingine, halafu mwingine. Hakuna aliyewahi kusimama mkutanoni akauliza kama kiwanda kinapaswa kuwa pale. Mimi niliinua mkono mara zote. Kuuliza hivyo kungekuwa sawa na kumwambia Mzee Ndiritu kwamba baba yake alibeba mawe bure.

Mvua za El Niño zilipokuja ulikuwa chuoni, na nilichokuandikia wakati ule kilikuwa kifupi kwa sababu gazeti lilinitaka kila siku. Sasa nitakueleza kilichotokea, maana niliokuwa nao pale hawapendi kukisimulia. Mavuno yalikuwa yamepamba moto. Mabirika ya kuchachushia yalijaa na vitanda vya kukaushia vilijaa. Mto ulipanda, ukafika kwenye mstari wa juu kabisa wa mawe, ukavuka. Baada ya siku mbili ulikuwa umerudi mahali pake, unapita chini kimya kama kwamba haukufanya kitu. Lakini ndani ya kiwanda maji yalikuwa bado kiunoni. Ukuta wetu ulikuwa mzuri. Uliyashika maji vizuri kuliko birika, na kahawa ya mgongo mzima ilikuwa ikilowa ndani, mto wenyewe ukiwa umekwisha kuondoka.

Tulishuka na mitaimbo kuubomoa. Mzee Ndiritu alishika wa kwanza, akaenda moja kwa moja kwenye sehemu ya baba yake. Alipiga, akapiga, jiwe halikutikisika. Kariuki, baba yako mdogo, akamwambia, "Mzee, jaribu ya jirani. Hiyo ya kwenu imekataa."

"Nyamaza," Mzee akasema. "Ya kwenu tutaiangusha na mate."

Watu walicheka ndani ya maji yale ya baridi, magunia yakielea, na mwishowe tukatoboa tundu la kuyatoa. Niliandika kila kitu isipokuwa kicheko, kwa sababu niliona hakifai. Siku hizi ningekiandika. Bila kicheko kile huwezi kueleza kwa nini watu wale wale waliweza kukaa mwaka mzima wakibishana bila kuvunjana vichwa.

Ubishi ulianza mara tu tope lilipokauka. Wako waliosema tujenge ukuta mwingine, wenye milango safari hii. Wako waliosema tukae hivyo hivyo bila kuuziba ukuta, na mto ukija tupoteze msimu mmoja kisha tuendelee. Na wako wachache, Mzee Ndiritu akiwa mmoja wao, jambo lililotushangaza, waliosema tupande juu.

Afisa wa idara ya hali ya hewa aliletwa azungumze nasi. Alikuwa kijana makini na nilimpenda kwa sababu alisema wazi asichokijua. Alisema dunia inapata joto, na kwamba mvua kubwa za ghafla zinaweza kuja mara nyingi kuliko zamani, lakini hawezi kututajia mwaka. Mtu akamuuliza kama barafu ya mlima inayopungua ndiyo inayotuletea mafuriko. Akasema hapana, mafuriko yetu ni ya mvua, ila barafu na mvua huenda vinatuonyesha mabadiliko yale yale. Nyanya yako, ambaye una jina lake, alikuwa akisimama mlango wa jikoni asubuhi na kutuambia jinsi mlima ulivyovaa. Leo kutoka mlango ule ule naona viraka. Sikuwahi kuliandika hilo kama habari kwa sababu halikutokea siku moja.

Basi swali likabaki hivi: ulipe leo gharama unayoijua ili ukwepe hasara usiyojua itakuja lini. Utakutana na swali hilo Hola kwa sura nyingine. Maji yanayoteremka hapa yanaingia Sagana, yanakuwa Tana, na mwisho yanapita karibu na darasa lako. Wanafunzi wako watakuwa wameyaona yakiingia nyumbani kwao. Nakuonea wivu kidogo kwa hilo, kufundisha ramani ya mto kwa watoto walio kwenye ncha yake ya pili.

Katika kazi yangu nilichelewa sana kujua namna ya kupima swali hilo. Miezi ile ya mvua nilizunguka wilaya nikiuliza kila mtu, "Umepoteza nini?" Ni swali jepesi na gazeti linalipenda. Aliyenitoa hapo bila kujua ni Yusufu wa Majengo, yule mwenye kibanda cha chai chini ya msikiti. Kibanda chake kiko kando ya mtaro unaoteremka mtoni, na mto ukijaa mtaro unarudisha maji juu. Alichoka kukausha unga, akainua kibanda juu ya mapipa. Maji yalipoongezeka akaweka mapipa mengine. Nilipofika nilikuta ngazi.

Mteja mmoja alikuwa chini, kikombe mkononi, akipiga kelele, "Yusufu, ukipandisha tena tutakuwa tunakunywa na muadhini."

"Muadhini ananunua mandazi mawili," Yusufu akajibu kutoka juu. "Wewe unanunua moja na unakaa mpaka adhuhuri."

Nikamuuliza swali langu, amepoteza nini. Akasema unga hakupoteza hata kidogo, lakini wazee wamepotea. Wale wanaokuja na bakora hawawezi kupanda ngazi, na wao ndio waliokuwa wakikaa na kuita wengine. Nilirudi baada ya mwezi. Alikuwa amekishusha kibanda hadi chini kabisa na kupandisha unga na sukari peke yake, kwenye rafu karibu na paa. Maji yakija, yanapita sakafuni, anafagia. Wazee walikuwa wamerudi. Niliandika habari fupi ya kuchekesha kuhusu ngazi, na ilichapishwa ukurasa wa ndani. Haikunijia akilini kwamba nilikuwa nimeona jambo linaloweza kusaidia kiwanda chetu wenyewe, hadi karibu mwaka mzima ulipopita.

Lilinijia katika mkutano wa mwezi uliopita, na lilitoka kwa hasira ya Mama Gathoni. Unamkumbuka, yule ambaye shamba lake la kahawa lote liko chini, karibu na nduma. Wanaume walikuwa wamezungumza asubuhi nzima juu ya dizeli: pampu itakunywa kiasi gani, nani ataishika, nani ataiiba. Mama Gathoni akasimama.

"Niko na swali," akasema. "Nyinyi mnapima dizeli. Saa hii mimi nashuka na gunia mgongoni na kupanda mikono mitupu. Mkipeleka kiwanda huko juu, nitapanda na gunia na kushuka mikono mitupu. Mwenyekiti, wewe umewahi kubeba kahawa ukipanda?"

Mzee Ndiritu akasema hajawahi.

"Basi ati mnapima nini?"

Nilikuwa nimeujaza ukurasa wangu mambo ya pampu, na uzito huo haukuwa umeingia kwenye hesabu ya mtu yeyote, mimi nikiwemo. Kahawa yetu iko juu, Nyambura. Mama yako angepata nafuu kiwanda kikihama, na wa Mama Gathoni ndio mgongo ambao ungelipa. Tangu siku hiyo sijaweza kuandika neno "gharama" bila kuuliza linaangukia nani. Nilipaswa kujua zamani. Nilikuwa naandika "wakulima watapata" na "wakulima watapoteza" kana kwamba ni mtu mmoja.

Ndipo nikasimulia habari ya Yusufu. Sikuwa na mpango wa kusema kitu. Mwandishi anatakiwa kukaa pembeni, lakini mimi ni mwanachama pia na kahawa yangu ilikuwa imelowa kama ya wengine. Nikasema kwamba pengine hatuna haja ya kupandisha kila kitu. Kinachoharibika kikilowa ni kahawa iliyokwisha kumenywa, vitanda, mashine na ghala. Banda la kupokelea kahawa mbichi likilowa, tunafagia. Mtu akauliza kahawa itapandaje kutoka hapo. Kariuki, ambaye kwa kawaida hufungua mdomo kunipinga tu, akasema trekta ya ushirika imelala mwaka mzima isipokuwa siku za mbolea. Kufikia jioni walikuwa wameafikiana juu ya mpango wa kupigiwa kura leo: banda chini ya mteremko, trekta ya kupandisha, na kiwanda kamili juu barabarani. Mama Gathoni akasema atakubali akiiona hiyo trekta ikipanda na tope la Aprili. Walimwandika kwenye kamati papo hapo, na yeye ndiye aliyetembea na wenzake kuchagua mahali.

Sasa nije kwenye kipande chako.

Wanakitaka kwa sababu ni tambarare, kiko kando ya barabara, na maji ya mvua hayasimami juu yake. Wanachokupa badala yake ni uwanja wa kiwanda cha sasa, chini mtoni, ambao kwa ukubwa unazidi kipande chako kwa mbali. Hakuna atakayekuambia kwamba vina thamani sawa, na mimi sitakwambia hivyo. Kwenye cha juu unaweza kujenga nyumba, au vyumba vya kupangisha, au duka. Barabara ikiwekwa lami kitapanda thamani. Kwenye cha chini huwezi kujenga kitu chochote unachokipenda. Mto utakifunika tena, na hakuna anayejua ni lini.

Wiki jana nilienda Kianyaga kuona watu waliofanya hivyo kabla yetu. Kiwanda kimoja huko kilipanda mlima miaka michache iliyopita, na mjane mmoja, Mama Wakuthii, ndiye aliyebadilishana ardhi nao. Nilianza kiwandani. Meneja alinionyesha vitanda vikavu na kahawa safi, halafu nikamwomba anionyeshe kinachomuudhi. Akanipeleka kwenye pampu. Msimu wa kwanza iliharibika katikati ya mavuno, na kahawa ya siku nzima ikaoza ikisubiri maji. Sasa wana tangi kubwa juu ambalo hujazwa mapema, lakini fundi bado anaitwa mara kwa mara. Hilo nimelieleza leo mkutanoni, na wamepitisha kwamba tangi lijengwe kabla ya ukuta wa kwanza wa kiwanda.

Kisha nikashuka kwa Mama Wakuthii. Alikuwa ndani ya nduma hadi magotini na hakutoka.

"Wewe ndiye wa gazeti?" akaniuliza. "Umekuja kuandika vile nilidanganywa?"

Nikamwambia nimekuja kuuliza kama alidanganywa.

"Mashemeji zangu wanasema hivyo kila Jumapili. Ati nilitoa barabara nikapewa vyura." Akang'oa nduma moja, akaipima kwa macho, akairudisha kwenye tope. "Mwaka ule wa mvua kubwa mto ulichukua kila kitu hapa, na choo ikaenda ya kwanza. Nilikuwa nimeijenga mimi mwenyewe, bure kabisa. Nikalia. Halafu maji yakatoka, nikakuta tope jeusi namna hii. Tangu hapo sijanunua mbolea."

"Ungefanya tena?"

"Ningefanya. Lakini ningewaambia waniandikie pia haki ya kupitisha maji ya mfereji wa zamani, na wabomoe hizo kuta zao kabla ya kuondoka. Wameniachia mawe mpaka leo. Mwambie huyo msichana wako aitishe hiyo mapema, wakiwa bado wanamhitaji."

Sikuwa nimemwambia kwamba ni msichana wangu. Nadhani nilikuwa nimeuliza maswali mengi kuliko mwandishi wa kawaida.

Huyo ni mtu mmoja, na shamba lake si lako. Mto wa kule una kingo pana, wetu ni mwembamba na una hasira zaidi. Lakini alichosema juu ya mbolea nilikihakikisha kwa majirani zake wawili, na alichosema juu ya mawe nilikiona kwa macho.

Mkutano wa leo ulivyokwenda ni hivi. Mzee Ndiritu alipotaja kipande chako, mtu wa nyuma alipiga kelele, "Mwenyekiti, kabla hujashuka hapo kwenye mzani tusomee kilo zako," na watu wakacheka, nami nikapata nafasi ya kusimama. Nilisema ardhi hiyo ina mwenyewe, mwenyewe yuko Skuta, na kesho anasafiri kwenda kazini.

Kariuki akasema, "Si wewe ndiye baba? Sema ndiyo twende nyumbani. Msichana ataolewa huko kwa ngamia, barabara ya huku ataifanyia nini?"

Mama yako alikuwa amekaa na kina mama kando ya mabirika. Hakusimama. Alisema tu, kwa sauti ya kutosha, "Kariuki, wewe ulioa na bado tunakupa nduma zetu."

Kicheko kilipokwisha, Mama Gathoni akasema kamati haitapokea ardhi ya mtu kwa mdomo wa mtu mwingine, na kwamba kama mwenye ardhi ni Nyambura basi Nyambura asikilizwe. Mzee Ndiritu akauliza kama kuna pingamizi. Hapakuwa na pingamizi. Akauliza kama wanachama watasubiri. Wakasema watasubiri, ingawa wengine walitazama juu mawinguni waliposema hivyo. Masika hayako mbali.

Nilitembea nyumbani nikiwa na furaha ambayo sijui niiweke wapi. Sehemu yake ni ya kiwanda. Sikutarajia kuwaona watu waliorithi mawe yale wakikubali kuyaacha. Sehemu kubwa ni yako. Nilipokuandikisha kipande kile, wapo walioniambia nampa ardhi msichana ili ipotee. Leo mgongo mzima umekaa chini kusubiri neno lako, na hakuna hata mmoja aliyeondoka kwa hasira, Kariuki akiwemo.

Ukikataa, nani atalipa? Kamati ina mahali pa pili, karibu na kanisa, lakini pana mteremko na itabidi wachimbe. Hawatamaliza kabla ya mvua, kwa hiyo kahawa ya mapema italazimika kumenywa chini tena, nyuma ya ukuta wenye tundu. Mto usipofurika mwaka huu, hakuna atakayekuwa amepoteza sana. Ukifurika, utajua wewe na sisi sote. Ukikubali, wewe ndiye utakayelipa sehemu kubwa, peke yako, kwa miaka mingi, na faida itagawanywa kwa watu wengi ambao wengine hata hawakujui. Nimejaribu kuiandika sentensi hiyo kwa njia nyingine na imekataa kuwa laini.

Usinisikilize nikisema upande gani. Kahawa yetu iko juu, na kiwanda kikijengwa hapo mama yako ataacha kushuka na gunia katika umri wake. Nikikushauri, nitakuwa nikijishauri mwenyewe. Mama yako anasema hivyo hivyo, ila ameongeza kwamba hata kukataa kwako hakutamfanya akuandikie barua fupi.

Unaweza pia kusema ndiyo kwa masharti, kama Mama Wakuthii alivyotamani kufanya. Unaweza kudai mawe yaondolewe, mfereji wa zamani uwe wako, na sehemu ndogo ya barabarani ibaki na jina lako. Pembe ile ya mashariki, penye mti wa mugumo mdogo, kamati haiihitaji, nimewauliza. Unaweza kudai trekta ipande na kahawa ya watu wa chini bila malipo, hata kama hilo halikuhusu wewe. Najua utalifikiria hilo, kwa sababu ulipokuwa mdogo ulikuwa unateremka kumsaidia Mama Gathoni kubeba na mimi nilikuwa nakukaripia kwa kuchelewa. Sasa najua ulikuwa unafanya nini chini kule. Mimi nilikuwa nikiangalia saa.

Usijibu usiku huu kwa kunihurumia. Safiri. Tazama mto kwenye daraja la Garissa, ona unavyotanuka pale. Fika shuleni, lala, pokea darasa lako. Kisha uamue kama mtu mwenye ardhi.

Mpimaji amekubali kuja Jumatano asubuhi, lakini hataweka kigingi hata kimoja bila kibali chako. Posta ya Hola ina simu. Jumanne nitakuwa ofisini kwa ushirika tangu saa nane mchana hadi wafunge, na Mama Gathoni amesema atakaa nami ili masharti yako, kama unayo, yaandikwe na watu wawili. Wanachama wanarudi kiwandani Jumamosi ijayo saa nne asubuhi. Ajenda ya kwanza ni jibu la Nyambura.

Baba yako